Magoti ya Kerubo

Nilikivalisha gazeti, kama kile cha kwanza,
ukurasa wa matangazo ya vifo kwa nje,
ili Mama Askofu wa ghorofa ya pili
asilisome neno *wachawi* kwapani mwangu
akaniandalia mkesha wa maombi.

Shilingi mia saba na hamsini.
Muthengi, muuza vitabu pale Luthuli,
alinifichia nakala chini ya kamusi.
Miaka miwili nilingoja.
Mjukuu wa Nyanchama amezaliwa, ameota meno,
amejua kutukana.

Cha kwanza, ah, cha kwanza kilinijua.
Wanawake watatu wa Ngara, hamsini na ushee,
cherehani tatu chini ya ngazi,
na uchawi uliowajia pamoja na fukuto:
damu ilipokoma, moto ukaanza.
Kerubo akitota jasho saa nane usiku
na gesi imeisha,
aliweka kiganja chini ya sufuria
chai ikachemka.
Mwelu aliona kwenye tundu la sindano
nani kadanganya kuhusu kodi ya nyumba.
Na Zuhura, mjane anayelala bado upande wake tu wa kitanda,
aliita vitu vilivyopotea vikaja:
funguo, risiti, hereni moja,
sauti ya marehemu ikiuliza chumvi iko wapi.

Hawakumroga mtu.
Walishona sare za shule,
na kila walipopanda ngazi
magoti ya Kerubo yalilia *ka, ka,*
nami huku Umoja, ghorofa ya nne, hakuna lifti,
nikaitikia kwa yangu.

Cha pili: ukurasa wa tisa, magoti yamepona.
Mafuta. Kapakwa na mgeni
mwenye kifua kipana na gari lisiloshika vumbi.
Cherehani zimeuzwa kwa sentensi moja.
Sasa wana mkahawa Karen, keki za ndimu,
na paka asemaye mafumbo,
ambaye ukurasa wa arobaini ni dume
na wa sitini ananyonyesha.

Zuhura anaolewa. Aolewe, sina kinyongo.
Lakini marehemu hatajwi,
wala chumvi yake.
Nilimtafuta hadi kwenye shukrani.

Na hakuna tena atokwaye jasho.
Uchawi unatoka kwenye pete,
pete imetoka ng'ambo,
na ng'ambo, inaonekana, watu hawazeeki
ila kwa hiari.

Tulimsifu mgema, najua.
Mimi mwenyewe nilimwandikia barua, kurasa mbili,
nikamwambia *usiache*.
Labda mtu wa mauzo alimnong'oneza
kwamba magoti mabovu hayauziki mara mbili.
Labda alikuwa na karo ya kulipa.

Jana saa nane nikaamka
shuka limeninata mgongoni, Julai hii hii
ambayo jirani analala na soksi.
Nikaenda jikoni. Gesi ilikuwa imeisha kweli,
siongezi chumvi.
Nikaweka kiganja chini ya sufuria.
Nikangoja kuliko inavyompasa mtu mzima kungoja.
Maji yakabaki maji.

Basi nikachukua penseli,
nikarudi ukurasa wa tisa,
nikaandika pambizoni: *ka*.
Kila ngazi aliyoiparamia nikamrudishia lake:
ukurasa wa kumi na tatu, *ka*,
wa ishirini, akicheza na mgeni yule, *ka, ka*,
harusini, akiinamia keki, *ka*,
mpaka adhana ikanikuta sura ya sita
na vidole vyeusi.

Leo nimepita Luthuli.
Muthengi kauliza, vipi?
Nikamwambia kibaya. Kibaya kabisa,
heri ningenunua maini.
Akasema pole, mama. Cha tatu kinatoka Desemba.

Nikauliza, Desemba tarehe ngapi?